Furshi ya Kwenda Kampene

Kijiwe cha kwa Dakitari kiko kwenye barabara ya kushuka bandarini, mjini Kindu. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya banda la Blanchard, fundi wa pikipiki ambaye mtaa mzima humwita Dakitari kwa sababu hakubali kuambiwa kwamba chombo kimekufa. Kahawa ya tangawizi huletwa asubuhi katika termosi kubwa, na wenye kijiwe hukaa mpaka iishe, hata kama kazi inawaita. Asubuhi hiyo wanywaji walikuwa wawili: Muzee Soudi, aitwaye Arshivu, kwa kuwa hakuna jambo la vita asilolikumbuka, na Désiré, dereva wa siku nyingi wa pikipiki za abiria, aitwaye Piloti. Wa tatu ubaoni alikuwa Mounira, na kikombe chake kilikuwa kimepoa bila kuguswa.

Mounira alifika banda likiwa bado limefungwa, na tangu lilipofunguliwa macho yake hayakubanduka kwenye mikono ya Blanchard. Pikipiki ile ilikuwa ya marehemu baba yake, Hamadi: chombo cha zamani cha njia mbaya, chenye tumbo lililoinuka mbali na ardhi na gurudumu jembamba la mbele. Furshi yake, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele na kumeza mashimo ya barabara, ilikuwa imeliwa na kutu. Haikumeza tena kitu. Kila shimo liligonga mpaka mwisho, ko!, kisha pigo likapanda hadi kwenye tumbo la abiria.

Na abiria aliyengojwa alikuwa mama yake. Mama Mwanahamisi alikuwa Kampene, mji wa machimbo mbali na Kindu, amepasuliwa tumbo, mshono haujakauka. Jana jirani yake alipiga simu akasema watu wenye bunduki wameonekana kwenye njia ya machimbo, watu wameanza kulala porini, na mama hawezi kutembea. Simu ikakatika. Mounira alipiga tena na tena usiku kucha. Haikulia hata mara moja.

Ndiyo maana Blanchard alikuwa akifunga furshi nyingine, aliyoitoa kwenye pikipiki mpya zaidi iliyokufa mashini, yaani injini. Piloti ndiye aliyefungua mjadala, huku akipuliza kahawa.

— Dakitari, hii furshi iko murefu kupita ile ya zamani.

— Vidole vinne, alisema Blanchard bila kugeuka. Nimeipandisha ndani ya vibano vyake, vinabaki viwili.

— Viwili ni mingi! Pua ya pikipiki itaangalia juu. Ukiangalia juu, mbele inakuwa mwepesi. Kwenye matope inatembea kama bata.

— Bata anafika, alisema Muzee Soudi.

— Anafika, muzee, lakini habebi mama ya mutu mugongoni.

Wakacheka kidogo. Mounira hakucheka.

— Ba Blanchard, umekaza boliti ya chini, ile inayoshika ekseli?

— Nimekaza, dada.

— Kaza tena, niione.

Blanchard akachukua ufunguo, akakaza tena. Haukusogea. Mounira akashusha pumzi, halafu wasiwasi ukahamia kwenye boliti ya juu, naye akauliza habari za ile. Hakuweza kujizuia. Chuoni walimfundisha kwamba kitu kilichokaguliwa mara moja hakijakaguliwa, na tangu simu ikatike dunia nzima ilikuwa boliti ambayo hakuna aliyeikaza.

— Mutoto yangu, alisema Muzee Soudi, mimi siogopi urefu. Mimi naogopa kung'aa. Angalia ile chuma! Inawaka kama sahani ya harusi. Waaskari wakiiona toka mbali, watasema: ile ni ya mutu mwenye nguvu, tuichukue. Ile ya zamani ilikuwa na kutu. Kutu ilikuwa inaichunga.

— Kutu haichungi mushono, muzee, alisema Blanchard.

— Unajua ile kutu ilitoka wapi? Mounira, weye unajua?

Mounira alijua, lakini Arshivu akifunguka hafungwi.

— Wakati wa vita, alisema, akigeuka ubaoni ili wote wamwone, kila kitu chenye gurudumu kilichukuliwa. Baiskeli, toroli, ata kiti cha kilema, nilikiona kwa macho yangu. Basi watu wa Kindu tukapata akili. Unatoa furshi, unaificha mbali. Pikipiki inabaki bila mbele, inaanguka kwa pua kama ng'ombe anakunywa maji. Nani atachukua kitu bila mbele? Mimi yangu niliiweka juu ya dari. Hamadi, baba ya huyu, aliizika chini ya jiko, ndani ya gunia yenye mafuta ya ngazi, ile ya mawese. Waaskari walikuja, wakapiga pikipiki teke, wakaenda. Alicheka mpaka machozi.

— Njo vile tufanye na leo, alisema Piloti kwa haraka. Dakitari, toa hii furshi. Tuifiche. Ndani ya siku kidogo tutajua hali.

— Kweli, alisema Muzee Soudi. Tuifiche kwanza.

Mkono wa Blanchard ukasimama juu ya boliti. Mounira aliona aibu, kwa sababu moyo wake, kwa pumzi moja, ulikubali. Kuficha kulikuwa na utulivu wake: chuma chini ya ardhi, mlango umefungwa, hakuna safari. Kisha akakumbuka sehemu ambayo Arshivu hakuisimulia, na sauti ikamtoka kabla hajaipima.

— Muzee, siku ya kukimbia, tulikimbia na nini?

Muzee Soudi akanywa kahawa.

— Kwa miguu, alisema mwishowe.

— Mbona si kwa pikipiki?

— Hamadi alianza kuchimba. Risasi zikakaribia upande wa kiwanja cha ndege. Sakafu ilikataa jembe; alikuwa ameikanyaga vizuri sana, mutoto yangu. Sana. Tukamushika mukono, tukamuvuta. Mama yako alikuwa mbele, weye mugongoni mwake.

Furshi iliyofichwa vizuri ilibaki chini ya jiko, na mama akaingia porini na mtoto mgongoni. Na sasa mama yuko Kampene, pori lile lile linamngoja, na tumbo lake limeshonwa kwa nyuzi.

— Endelea, ba Blanchard, alisema Mounira.

Blanchard akaendelea. Akamimina mafuta mepesi kwenye mguu wa kwanza wa furshi, polepole, akitazama kiwango. Lakini ubao haukunyamaza. Ulikuwa umeonja hofu na sasa uliitaka kama sukari.

— Kuna kitu kingine, alisema Piloti. Furshi nyororo inakudanganya. Ile ngumu inakupiga mukono, inakuambia: hapa iko jiwe, hapa iko muzizi. Nyororo haikuambii kitu. Wakikuwekea kitu ndani ya njia, unapita juu yake kama godoro, hausikii. Unasikia tu ukiwa umekwisha kupaa.

— Nani ataweka kitu ndani ya njia ya Kampene? aliuliza Blanchard. Ile njia yenyewe ni kitu.

— Na juu? alisema Muzee Soudi, akielekeza kidole kwenye mawingu. Sasa vita haiko ya chini tu. Iko zile ndege bila mutu. Zinaangalia. Chuma mupya inapiga mwangaza, ndege inasema: pale! Weka masizi, Dakitari. Masizi na udongo.

— Nikiweka udongo pale, itakula mpira unaozuia mafuta kabla ya kufika Pangi.

— Na hii furshi ilitoka kwa nani? Piloti alisogea mpaka ukingo wa ubao, sauti ikashuka. Ulisema pikipiki yake ilikufa mashini. Mwenyewe je? Mimi nilimujua, alikuwa anaenda ile mji ya Kama kununua zahabu. Ile pikipiki ilikuwa inaenda Kama kila juma. Furshi inazoea njia, Dakitari, usicheke. Ukifika pale njia zinaachana, inavuta yenyewe. Unataka Kampene, yenyewe inakupeleka Kama, kwa wenye bunduki, mikono yako ikiwa juu ya usukani!

— Mwenyewe yuko Kailo, analima muhogo, alisema Blanchard. Nilimuona soko iliyopita, amenona.

— Basi njo maana aliacha! Alijua!

Hata Muzee Soudi alimtazama Piloti kwa mshangao. Lakini Mounira alikuwa akitazama kitu kingine. Alizoea kusoma sentensi hadi mwisho wake, na sasa aliona kwamba kila neno la ubao huu lilianzia pahali pake na kuishia pahali pamoja: urefu, mng'ao, ulaini, ndege, njia ya Kama, vyote viliishia pikipiki ikikaa hapa hapa. Jana alimwomba Piloti ampeleke, naye akasema tutaona. Mounira alilichukua neno hilo nyumbani kama ahadi. Sasa alitazama mikono ya Piloti juu ya kikombe. Ilikuwa ikikizungusha bila kukipeleka mdomoni, na kahawa ilikuwa ikichora duara dogo.

Wakati huo akatokea Mama Odette, muuza kikwanga cha muhogo, akitoka kwenye pirogi, mitumbwi ya ng'ambo, na beseni lake kichwani. Hakuwa mtu wa kijiwe. Alisimama kwa kuwa kivuli kilikuwapo, akaweka beseni chini, akafuta shingo.

— Munabishana nini tena, ba papa?

Wakamweleza wote kwa pamoja. Furshi ni ndefu. Furshi inang'aa. Mama ya huyu mutoto iko Kampene, amepasuliwa, watu wanakimbia. Mama Odette alisikiliza, akamtazama Mounira, akaitazama pikipiki kuanzia nyuma hadi mbele.

— Vizuri, alisema. Nani anaenda?

Muzee Soudi akafungua termosi akachungulia ndani. Piloti akajikuna goti, akaangalia barabara, juu, halafu chini, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka mbali. Mama Odette alingoja kwa adabu, akidhani wanatafuta tu neno la kuanzia.

Blanchard alikaza kifuniko cha mafuta cha mguu wa pili, akaondoa gogo lililoinua mashini. Gurudumu la mbele likagusa ardhi. Furshi ikazama, ikapanda, bila mlio wowote. Akaikandamiza tena kwa kifua chake chote. Ikazama, ikapanda, laini. Kisha akashusha kistendi cha pembeni, na hapo wote wakaona jambo ambalo hakuna aliyelitaja: mbele ilikuwa imerefuka, kistendi kilikuwa kilekile, na pikipiki ililala upande kupita kiasi. Ingeachwa, ingeanguka.

— Mushike, alisema Blanchard, akiuambia ubao mzima. Nitafute kipande cha chuma, nirefushe.

Wanaume wakavuta miguu yao ndani, chini ya ubao.

Mounira akasimama. Akashika usukani kwa mikono miwili, akisimama upande ambao dereva hupandia.

— Umeshika? aliuliza Blanchard.

— Nimeshika, alisema Mounira. Mimi ninaenda. Blanchard akaachia, na uzito wote ukamjia mikononi.