Pimamaji na Uzio wa Mteremkoni

Ijumaa tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi, fundi mkuu wa shule yetu anakabidhi ufunguo wa karakana. Shule nzima humwita Pimamaji, kama kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa, kwa sababu hakuna kilichopinda kinachosalimika mbele ya macho yake.

Alianza kama mfagiaji. Fundi wa wakati huo alimwita amshikie ngazi. Akaishika huku anamkosoa, na mwaka haukuisha kabla fundi hajaanza kumshikia yeye. Madawati yetu karibu yote ameyagonga au ameyafufua dada huyu. Kwenye vikao huinuka katikati ya ajenda, akanyoosha saa ya ukutani, akarudi kukaa kimya. Mwalimu mkuu alishaacha kushangaa.

Lakini kazi iliyotufumba midomo ni uzio wa nyuma ya darasa la awali. Uwanja ule unateremka moja kwa moja hadi barabara ya malori. Uzio wa kwanza ulilala, wa pili ukalala, na mwaka juzi mtoto mmoja aliufuata mpira mpaka barabarani. Dereva alifunga breki, tukamshukuru Mungu. Mkaguzi akatupa wiki sita: uzio imara, au darasa la awali lifungwe.

Wiki tatu zikapita bila nguzo hata moja kusimama! Pimamaji alifyeka, akang'oa visiki, akakata mteremko ngazi kwa ngazi, akipima usawa kwa mpira mwembamba uliojaa maji. Upande wa juu akachimba mfereji mrefu. Watu tukaanza kunong'ona kwamba dada kazeeka. Nakiri, mimi mtunza stoo ndiye niliyenong'ona kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha akaenda siku mbili kumwona bintiye aliyejifungua. Mimi na mlinzi tukaona tumsaidie. Tulichimba mashimo manane, na udongo wake wote tukautupa kwenye mfereji, tukidhani ni shimo la takataka. Tena tuliukanyagakanyaga ukashindilika vizuri! Loo, tulivyojisifu.

Aliporudi aliangalia, akaweka mkoba chini, akaomba jembe. Hakugomba. Alisema tu kwamba uzio hauangushwi na upepo wala mbuzi, bali na maji, na maji hayana adabu: ukiyazibia njia, yanaondoka na ulichojenga. Tukaufukua mfereji siku tatu, yeye akiwa mbele yetu na sisi na aibu zetu nyuma. Mashimo yetu yalikuwa yameinama kufuata mteremko, nayo tukayarudia yote. Haraka haraka haina baraka. Siku hizo niliuelewa msemo huo kwa mgongo.

Nguzo ya mwisho ilisimama siku moja kabla ya ukaguzi. Asubuhi ya ukaguzi, mvua! Ilinyesha saa mbili mfululizo, mkaguzi na sisi sote tumebanana barazani. Maji yalishuka mekundu kutoka juu, yakafika mferejini, yakageuka pembeni na kwenda zake. Mvua ilipokata, mkaguzi aliegemea nguzo, akaisukuma kwa bega, kisha kwa mabega yote mawili. Kilichoanguka ni kofia yake peke yake. Alitia saini papo hapo, wapishi wakapiga vigelegele, na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nilimkumbatia Pimamaji huku nalia.

Misimu miwili ya mvua kubwa imepita tangu hapo, na hakuna nguzo iliyotikisika. Darasa la awali halikufungwa. Mwaka huu lina watoto arobaini na watatu.

Ahsante, dada yetu, kwa kutusahihisha bila kutudhalilisha. Tunakuombea afya njema, mjukuu mtundu wa kukuchangamsha, na siku ndefu za raha. Nenda ukapumzike bila wasiwasi. Mpira ukiteremka huishia kwenye uzio wako, na watoto wamo ndani, salama.