Mtihani wa Kutamka

Mwaka wa 2009, tukitoka Eldoret kwa basi, msichana aliyeketi mbele yangu alikuwa akigawa vitenzi vya Kifaransa kwa silabi: "Par-ler. Fi-nir." Mama aliyeketi kando yake akamuuliza, "Hiyo ni lugha gani, mami?"

"Kifaransa, Mama. Kesho niko na mtihani wa kutamka."

"Na ukikosea?"

"Napoteza maksi."

"Maksi tu?" Mama alitazama barabara. "Mwaka jana, wakati wa vurugu za uchaguzi, hapo mbele, vijana walisimamisha gari letu. Wakamwambia mzee wangu atamke neno la lugha yao. Akakosea."

Msichana akafunga kitabu. Mimi nikasoma gazeti la jana kwa bidii.

"Usifunge," Mama akasema. "Rudia mpaka ulimi uzoee."

Mpaka Mama aliposhuka Burnt Forest, msichana hakutamka hata silabi moja.