Mchungaji Kupke na Mto wa Manyoya

Mchungaji Traugott Leberecht Kupke alizaliwa tarehe 3 Novemba 1818 katika kijiji cha Langheide, Silesia, mtoto wa nne wa mfuma nguo. Baba yake alifungwa jela kwa kusali ghalani kinyume cha amri ya mfalme. Marehemu alipenda kusema kwamba ukaidi ndio urithi pekee uliofika Australia bila kutozwa ushuru.

Alisoma shule ya kijijini, kisha theolojia mjini Breslau, ambako alifundishwa kugawa mahubiri katika sehemu tano. Kuzifupisha hakufundishwa. Ndugu waliotangulia kuhamia Australia ya Kusini walimwita, na Oktoba 1847 akateremka Bandari ya Adelaide na Biblia, kanzu moja na kichefuchefu. Alilihudumia kanisa letu la Friedenshain hadi mwisho, akilipwa ngano, kuni, soseji na bata bukini. Hasa bata bukini.

Tarehe 20 Februari 1849 alimwoa Ernestine Hentschke, aliyevaa gauni jeusi kama maharusi wetu wote. "Gauni hilihili nitakuzikia, Traugott," alimwambia mlangoni mwa kanisa. Haikuwa hivyo, Mama Mchungaji alitangulia, mwaka 1881.

Ile kanuni maarufu ya Mchungaji, kwa kweli, ilikuwa ya mama. Ijumaa ya kujiandikisha kwa Meza ya Bwana, waliogombana hawakuandikwa mpaka waketi jikoni kwake, milango imefungwa, wachambue manyoya ya bata pamoja. Ukifoka, manyoya yanaruka, mnaanza upya. Watu walioingia wakitaka kuuana kwa ajili ya mpaka wa shamba walitoka wakinong'onezana kama wachumba. Manyoya yao yakaishia katika mto aliolalia Mchungaji.

Kisha ikaja Pasaka ya 1887. Mchungaji alikuwa katika sehemu ya tatu ya mahubiri, na nyama zetu zinaungua majumbani, ndipo mpiga kinanda, Bwana Benjamin Noske, alipoanza wimbo wa kufungia ibada. Mchungaji akapaza sauti. Noske naye akaongeza kinanda mpaka vioo vikatetemeka. Waumini, Mungu atusamehe, tuliimba.

Tangu siku hiyo wazee hawa hawakusemezana. Na kwa kuwa kanuni ni kanuni, Mchungaji alitugawia sisi mkate na divai, yeye mwenyewe asiguse.

Mei mwaka huu wa 1889 kifua kilimbana. Mchungaji wa jirani alipomletea Meza ya Bwana kitandani, marehemu aligeukia ukutani. "Bado sijachambua," akasema. Binti yake Klara akakimbia kwa Noske.

"Mzee Noske, baba anakufa."

"Mwambie aombe radhi."

"Anasema uombe wewe."

"Basi huyo hajafikia kufa."

Lakini asubuhi ya tarehe 5 Juni Bwana Noske aliingia chumbani na bata bukini kwapani, amekwisha kuchinjwa.

"Sikuja kuomba radhi," alisema. "Nimekuja kufanya kazi."

Wakachambua, mmoja kitandani, mwingine kigodani.

"Benjamin," Mchungaji akasema mwishowe, "ungevumilia kidogo tu. Ya nne na ya tano zilikuwa fupi."

"Traugott, miaka arobaini nakusikiliza. Wewe hujawahi kuwa na fupi."

Mchungaji alicheka. Alicheka kwa kifua kile kibovu mpaka kitanda kikalia, na manyoya yote yakapaa darini.

"Haya, tuanze upya," Noske akasema huku akijifuta macho, akisingizia manyoya. "Nisamehe, we mzee."

"Nawe unisamehe. Ilikuwa ndefu."

Walishiriki Meza ya Bwana pamoja, manyoya yamewajaa ndevuni. Kesho yake alfajiri, tarehe 6 Juni, Mchungaji alilala bila maumivu.

Ameacha binti yake Klara na mumewe August Zwar, mwanawe Gotthold na mkewe Pauline, wajukuu saba, waumini wa Friedenshain, na Bwana Noske, ambaye jana aliokota manyoya yaliyobaki chini ya kitanda, akayachambua peke yake na kuyashonea ndani ya ule mto. Umo jenezani, chini ya kichwa cha rafiki yake. Leo ameahidi kupiga kinanda polepole, beti zote.

Baba Mchungaji, pumzika kwa amani, juu ya ugomvi wetu wote uliokwisha.