Ubao Aliouchagua Miska

Jamani, leo nusura nife kwa kicheko kwenye basi la Edmonton! Mbele yangu kakaa baba wa miaka hamsini na kitu, kapakata ubao mpya wa kutelezea thelujini. Pembeni mkewe, Bi Sheikha, kanuna.

"Miaka ishirini sijacheza," baba akasema. "Miska kanishauri huu mfupi, laini. Ule mrefu mgumu magoti yangu hayauwezi."

"Miska!" mkewe akapaza sauti. Basi zima likageuka, na Kiswahili hawakijui. "Magoti hayo nayakanda mie kila Alhamisi kwa mafuta ya karafuu. Yeye kayajulia wapi?"

"Ni mwalimu wa mchezo tu yule binti, mke wangu."

"Mie nilikwambia uchukue laini tangu Ramadhani, ukasema sijui kitu. Kasema Miska, huyoo mbio dukani!"

Baba akaukumbatia ubao. Kosa hilo, maana mwenye kutaka kukumbatiwa alikuwa pembeni.

Bi Sheikha akabonyeza kengele. "Shuka. Tunaurudisha, uchukue ule mgumu."

"Sheikha, nitavunjika!"

"Vunjika. Kukanda ntakanda mie."

Basi likasimama.