Rangi ya Korido kwa Amosi

Kijiwe cha kahawa cha Mandewa hakijawahi kushindwa na mada, na asubuhi hiyo kiliwekewa mezani korido ya Amosi. Mama yake, bibi Martina, ana miaka themanini na sita na haoni. Miaka yote ametoka chumbani hadi sebuleni kwa kupapasa ukuta, na kiganja chake kimeacha mstari mweusi toka mlango hadi mlango. Mwezi uliopita Amosi alifoka, "Nani tena kachafua ukuta huu?" Hakujua mama yuko nyuma ya pazia. Tangu siku hiyo mama hatoki. Anasema miguu imechoka. Chakula anapelekewa, anakirudisha nusu. Sasa Amosi anatafuta rangi isiyoshika uchafu, akamwambie: mama, njoo, shika utakavyo.

— Rangi ya maji sahau, alisema Mkemia, ambaye anauza dawa za mifugo na kwa hiyo anajua kila kitu. Ukiifuta inabaki kwenye kitambaa. Piga ya mafuta.

— Ya mafuta inateleza, akadakia Injinia Nusu, aliyeacha chuo mwaka wa pili. Bibi ataanguka.

— Mtu anateleza ukutani?

— Mkono ndio unateleza, bwana!

— Basi uchafu nao utateleza. Tena aongezee mafuta ya alizeti.

— Aite sisimizi wa Singida nzima? Abandike bati. Bati linaoshwa na mvua.

— Mvua koridoni?

— Si anatoboa paa kidogo!

Kijiwe kikaangua kicheko. Amosi hakucheka. Alijiona mjinga kuwaletea watu hawa jambo kama hili, na hakuwa na pengine pa kulipeleka.

— Ananiomba msamaha, jamani, alisema. Kila nikiingia na sahani. Mama yangu ananiomba mimi msamaha, kwa ajili ya ukuta!

Hapo hata Mkemia akabaki anazungusha kikombe.

Kijana mmoja mgeni, Peniel, fundi rangi, alikuwa pembeni anamalizia kahawa yake. Alisogea.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Hiyo kazi ndogo tu, mzee wangu. Nakwangua, napiga skimu ukuta ulainike, halafu rangi ya mafuta isiyong'aa. Kitambaa na sabuni, uchafu umetoka.

Amosi alisimama.

— Lini?

— Hata leo. Ila zipo aina mbili. Ipo ya miaka mitatu, ipo ya miaka kumi na tano. Wewe unataka ikae miaka mingapi?

Injinia Nusu akatazama barabarani. Mkemia akakohoa. Amosi alitaka kusema kumi na tano. Akaanza kuhesabu kwa vidole, kutoka themanini na sita.