Pikapu ya Kututosha Sote

Benchi lile liko nje ya kibanda cha Kinyozi, upande unaopata kivuli asubuhi. Lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na anayekaa upande wa tofali ndiye mwenye neno, kwa sababu akiinuka ghafla wenzake wote wanakula vumbi. Wenye benchi ni wachache lakini kelele zao ni za soko zima. Kuna Kinyozi mwenyewe, ambaye akikosa kichwa cha kunyoa hukosoa vya wenzake. Kuna Mzee Tela, aliyeendesha malori marefu mpaka goti likakataa kukanyaga klachi. Kuna na Chaji, fundi wa simu, ambaye hajawahi kusema "sijui" tangu aote meno. Mama Birika huwamiminia kahawa na kuwavumilia. Jumamosi hiyo upande wa tofali alikuwa amekaa Vigae, fundi wa sakafu, na neno hakuwa nalo. Alikuwa na kikombe kilichopoa.

— Kunywa basi, mwanangu, Mama Birika akamwambia. Kahawa yangu haijawahi kutazamwa namna hiyo.

— Nabadilisha gari, Mama.

Benchi lote likageuka.

Kigari cha Vigae kila mtu alikijua. Kilikuwa kipikapu kidogo chenye kiti kimoja tu kirefu cha mbele, kizuri kwa maboksi ya vigae, mifuko ya gundi na mashine ya kukatia. Alipooa, mkewe alikaa pembeni yake. Alipozaliwa binti yao wakambana katikati. Alipokuja wa pili, yule waliyembandika jina la Kiroboto kwa sababu hatulii mahali, mama akawa anamfunga naye mkanda mmoja. Sasa kilikuwa kimekuja kichanga cha tatu, na wiki iliyopita, walipokwenda kumjulia hali bibi yao mgonjwa, ilibidi binti mkubwa aachwe kwa jirani. Hakulia. Alisimama getini na mkoba wake mgongoni, akauliza, "Baba, mimi ni wa safari ijayo?" Vigae aliendesha njia nzima bila kuwasha redio.

— Kwa hiyo nataka pikapu kubwa, alisema. Ile yenyewe. Milango minne, mbele familia, nyuma mzigo. Asibaki mtu getini kwangu tena.

— Hapo umenena! Chaji akapiga paja. Nyumba njema si mlango, lakini gari jema ni mlango. Minne!

— Mlango si kitu, Mzee Tela akasema. Angalia chesisi. Nimebeba saruji miaka na miaka, mgongo wangu umenyooka. Kwa nini? Springi. Mtoto akilelewa juu ya springi nzuri hawezi kuwa na kibiongo.

— Na goti lako, Mzee? Kinyozi akauliza.

— Goti ni klachi. Usichanganye mambo.

— Tuulize injini, Chaji akasema. Silinda nane, ndugu yangu, chini ya hapo usiguse. Kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse silinda nne! Halafu ile ngurumo yake, unajua inafanana na moyo wa mama? Mtoto akiisikia anadhani karudi tumboni. Analala kabla hujatoka nje ya geti.

— Na majirani watalala lini? Mama Birika akauliza.

— Mimi naangalia heshima, Kinyozi akasema, akipangusa mashine yake kwa kipande cha kanga. Mtoto akishuka kutoka juu, anawatazama wenzake kutokea juu. Wanaolelewa kwenye magari ya chini hukua wameinamisha shingo. Mimi ndiye ninayezinyoa hizo shingo, nazijua. Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mlee kwenye gari refu, atarefuka.

— Basi mfunge juu ya mlingoti, Mzee Tela akamjibu, na benchi likatikisika kwa kicheko, hata Vigae mwenyewe akatabasamu. Moyoni alikuwa ameshachagua. Alikuwa ameliona gari kwa dalali mmoja, jeusi, na dalali alikuwa njiani kulileta.

Likafika. Lilikuwa pana kiasi kwamba mwuza ndoo wa ng'ambo ya barabara alivuta ndoo zake ndani. Juu ya boneti yake ungeweza kuandika meza ya watu sita. Bampa la mbele liling'aa kama sinia la harusi. Dalali akashuka kwa hatua mbili, ya kwanza kwenye ngazi ya gari, ya pili ardhini, akawasalimia wote kwa mkono, maana alikuwa mtu wa adabu zake.

— Mzee shikamoo. Hili ni gari la baba wa familia. Ukiwa ndani hakuna kisichoonekana.

— Marahaba. Ngoja nilione tumbo lake, Mzee Tela akasema, akaanza kujikunja polepole kuingia chini.

Mkewe Vigae alifika muda mfupi baadaye, kwa miguu, mtoto mgongoni, binti mkono huu, Kiroboto mkono ule, na mwenye boda nyuma yake amebeba viti viwili vya watoto. Alikuwa mshona mapazia, mwanamke wa maneno machache, na kijiweni hapo hakuwa na mazoea ya kusimama. Ila gari hilo ndilo atakalopelekea watoto shule, kwa hiyo alikuja.

— Shemeji, karibu! Chaji akapiga kelele akiwa tayari amesimama nyuma kwenye bodi ya mizigo. Hapa panaingia maboksi yote ya mumeo, na wewe ukitaka unashonea mapazia yako humu humu!

— Asante, shemeji. Nianze na watoto kwanza.

Akafungua mlango wa nyuma. Kumpandisha binti ilibidi amsukume kwa bega. Akaingia mwenyewe, akaanza kuhangaika na mikanda, kiti cha kichanga huku, kiti cha Kiroboto kule, binti katikati amekunja mabega kama ndege. Kinyozi alikuwa upande mmoja akipitisha mikanda dirishani na kutoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Mzee Tela alitoka chini na grisi kwenye kipaji cha uso, akasema chesisi ni ya kurithisha wajukuu. Chaji alikuwa anapima bodi kwa hatua. Kila mtu alikuwa na kazi.

Vigae akapanda mbele ya usukani. Hakuwahi kukaa juu namna ile. Aliona mapaa ya vibanda, aliona kichwa cha mwuza ndoo na upara wake, aliona barabara mpaka kwenye kona. Akawaza safari ya kwa bibi, wote watano, hakuna wa kuachwa.

— Washa, dalali akamwambia kutoka pembeni. Msikie anavyopumua.

Akawasha. Ngurumo ikapita kwenye mbao za kibanda.

— Moyo wa mama! Chaji akaita kutoka nyuma.

— Sogeza mbele kidogo tu, dalali akasema, mpaka pale kwenye nguzo. Uone usukani ulivyo mwepesi.

Vigae akashika gia. Mbele yake palikuwa peupe: boneti nyeusi, kisha barabara, kisha nguzo. Akatazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto. Mguu ukawa tayari umeanza kulegea kwenye breki.

Nyuma, mkewe akainua kichwa kutoka kwenye mikanda.

— Kiroboto yuko wapi?

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia mkasi. Kinyozi alifikiri mtoto yuko upande wa Mzee Tela. Mzee Tela alifikiri amepanda bodi na Chaji. Chaji alifikiri yuko ndani na mama yake. Benchi lililokuwa na jibu la springi, la silinda na la shingo za watoto wa watu halikuwa na jibu la hilo.

Vigae akakandamiza breki kwa nguvu zake zote, kama vile gari lilikuwa linakwenda. Akazima injini. Hakukumbuka ile ngazi. Aliruka moja kwa moja, akaanguka kwa mkono mmoja, akainuka, akazunguka mbele.

Kiroboto alikuwa amesimama pua yake ikikaribia kugusa bampa, juu ya kichwa chake kukiwa na nusu mita nzima ya chuma. Alikuwa anajitazama kwenye ule mng'aro, akivuta mashavu huku na huku.

— Baba, alisema bila kugeuka, huyu mtoto ana pua kubwa.

Vigae akamwinua. Akaenda naye mpaka kwenye benchi na kukaa, si upande wa tofali, popote tu, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Mkewe alikuja na kichanga, binti nyuma yake. Hakufoka. Aliweka mkono kwenye shingo ya mumewe, akauacha hapo.

— Lina kamera... dalali akaanza kusema. Kisha akamalizia kwa sauti ndogo: ya nyuma.

Hakuna aliyemcheka. Dalali akakaa kwenye kigoda cha wateja, na Mama Birika akampa kikombe ambacho alikishika kwa mikono miwili.

— Nina wawili nyumbani, alisema. Mmoja kimo chake ni hicho hicho.

Chaji aliteremka kwenye bodi polepole kama mzee. Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Tela, na hakumtazama mtu.

— Kwenye tela nilikuwa na utingo. Kazi yake kubwa ilikuwa kushuka, kuzunguka, ndipo aniambie twende. Nimekaa hapa tangu asubuhi nasifia springi, hilo sikulisema.

Vigae akarudisha ufunguo. Dalali aliupokea bila ubishi, akaagana na kila mtu kwa mkono kama alivyokuja. Kabla ya kupanda alikwenda mbele ya gari lake, akainama, akatazama, ingawa watoto wote watatu walikuwa pale mbele ya macho yake.

— Basi tubaki na kile kidogo, Vigae akamwambia mkewe. Nitafanya safari mbili mbili.

— Nani kasema? Mkewe alikuwa anamfuta Kiroboto pua. Watoto bado ni watatu na mzigo wako bado ni mzito. Mimi pikapu siikatai, baba watoto. Nataka gari ambalo aliye ndani anamwona aliye nje. Basi.

Kinyozi akasema kwamba hilo ni jambo la kupimika.

Tangu siku hiyo kijiwe kilibadili sheria zake. Likija gari la kuonwa, kwanza funguo zinatolewa na kukabidhiwa Mama Birika. Halafu Kiroboto anasimamishwa mbele ya bampa, Kinyozi kamshika mkono barabara, na mnunuzi anapanda kwenye usukani kusema anachoona. Mtoto mwenyewe aliichukua kazi hiyo kwa uzito mkubwa, akawa anauliza kila asubuhi kama leo kuna gari.

La kwanza, jeupe, Vigae hakuona hata unywele. Likaondoka. La pili alimwona mpaka mabegani, akafurahi, akaanza kumwita Mzee Tela aje kwenye chesisi. Mkewe akamwomba ashuke, akapanda yeye. Alikuwa mfupi kwa mumewe kichwa kizima.

— Mimi simwoni.

— Tutakuwekea mto, shemeji, Chaji akasema. Penye nia pana njia.

— Na mto ukiteleza? Mzee Tela akamuuliza.

Chaji akafungua mdomo, akaufunga. Waliokuwepo wanasema ilikuwa mara ya kwanza.

La tatu lilikuja wakati Vigae ameanza kukata tamaa. Lilikuwa la kijani, rangi imechoka kidogo kwenye milango, refu la kutosha, milango minne, bodi ya kumeza maboksi yake yote na mashine juu. Ila boneti yake ilikuwa imeinama mbele, kama mtu anayeamkia wakubwa. Mwenye nalo, mama mmoja aliyekuwa akilitumia kusambaza miche ya bustani, alisema watoto wake wamekua, sasa hana tena mtoto wa kubeba.

— Silinda ngapi? Chaji akanong'ona.

— Nyamaza, benchi likamjibu kwa pamoja.

Viti viwili vya watoto viliingia na binti akakaa katikati bila kukunja mabega. Alipanda mwenyewe, bila kusukumwa, akafunga mkanda wake, akaweka mkoba magotini, tayari kwa safari ambayo hakuna aliyemwahidi. Milango yote ikafungwa. Vigae akakaa kwenye usukani, akamwona mwanawe kuanzia tumboni kwenda juu, akashuka, akampisha mkewe.

Yeye alipanda. Akavuta kiti mbele. Akanyoosha mgongo, akaulegeza, akakaa kama anavyokaa siku zote akiwa amechoka, maana ndivyo atakavyokuwa akiendesha. Nje, Kinyozi alikuwa ameshikilia kile kiganja kidogo kama roho yake. Mzee Tela alisimama. Mama Birika alikuwa na birika hewani, hamimini.

— Unamwona? Vigae akauliza dirishani.

— Namwona.

— Mpaka wapi?

Mkewe akaegemea usukani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya lile gari jeusi, akacheka kwa sauti.

— Mpaka ulimi anaonitolea.