Mahali au Mahari

Kijiwe chetu cha Nyakabanda ni ubao wa mlango uliolazwa juu ya matofali, mbele ya jiko la kahawa la Swafiya. Mlango wa nyumba gani, hakuna anayeuliza. Mwaka huu wa tisini na nne bado haujaisha, na sisi wote, ukimtoa Swafiya, tumefika hapa, nchi ya baba zetu, mwezi wa nane, vita vilipokwisha, kutoka Bujumbura, tuna mizigo midogo na midomo mikubwa. Mimi wananiita Dereva, kwa sababu ni fundi cherehani: nakanyaga kutwa nzima na sifiki popote. Jumapili hiyo mchana tulikuwa wanne kwenye ubao na hakuna aliyetulia. Niyongabo, tunayemwita Sinema, alikuwa anasimama, anachungulia duka la Hirwa ng'ambo ya barabara, anakaa, anasimama tena, kaseti ya video mkononi. Hirwa ndiye mwenye televisheni na deki. Alikwenda kutafuta mafuta ya jenereta, akasema saa nane atakuwa amerudi, na sasa ilikuwa inakaribia saa kumi.

Shida ya Sinema niiseme mapema, maana yeye mwenyewe ataizungusha mpaka magharibi. Marehemu dada yake aliacha mtoto Uganda, Kaliza, miaka kumi na moja. Wiki mbili zilizopita shangazi yake alimleta aone nchi na amwone mjomba. Jumanne shangazi anarudi Kampala, na amesema wazi kwamba mtoto atachagua mwenyewe, kubaki au kurudi. Mtoto hajasema neno. Sinema hana nyumba ya maana, hana ng'ombe, ana filamu moja anayoipenda kuliko kitu chochote duniani. Alipohama Bujumbura aliacha godoro akabeba kaseti. Kwa hiyo leo anataka kumwonesha Kaliza filamu hiyo, aone kama itamshika.

Radio: Sinema, kaa bwana! Unatikisa ubao, kahawa inanimwagikia.

Sinema: Nimekaa.

Radio: Umesimama, sha.

Huyu Radio jina lake ni Armel. Anasikiliza stesheni tatu kwa siku na haamini hata moja. Pembeni yake alikaa Léonce, tunayemwita Sheria. Alifagia mahakama ya Bujumbura miaka tisa, na anadai sheria ilimwingia kupitia ufagio.

Sheria: Mimi iko na swali la kisheria. Mtoto umemwambia filamu inahusu nini?

Sinema: Mtu anatafuta mahali yake.

Sheria: Mahari yake. Sawasawa.

Sinema: Mahali.

Sheria: Ndiyo, mahari! Mahari ya kuoa. Unarudia nini?

Sinema alisimama tena. Mana yanje, Mungu wangu, nikasema moyoni, leo patachimbika! Filamu hiyo tuliiona sote kule Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwenye chumba cha video, na ilikuwa kwa Kiingereza ambacho hakuna aliyekijua. Alikuwepo jamaa mmoja wa Uvira, tukimwita Mikrofoni, anasimama kando ya televisheni na fimbo, anatueleza kwa Kiswahili: "Sasa huyu anavuka milima saba, anatafuta mahali yake." Mtu wa pwani angesema "mahali pake" na ugomvi ungekuwa haujazaliwa. Sisi kila kitu ni "yake" tu, na "l" na "r" vinywani mwetu ni mapacha. Miaka yote hiyo tumekaa benchi moja, tumelia machozi mamoja, kumbe tulikuwa tunaona filamu mbili.

Sinema: Weye Sheria, ulidhani mtu anavuka milima saba kwa ajili ya mahari?

Sheria: Mimi nilivuka mto Ruzizi kwa ajili ya mahari! Fikiri vizuri. Lile jitu la mawe linalomzuia darajani ni nani? Baba mkwe! Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Swafiya: Methali hiyo ni ya mgeni anayeleta heri, Sheria. Jitu lile mlisema linarusha mawe.

Sheria: Mkwe gani ulishamwona anaanza na tabasamu?

Radio: Hamjui kitu. Daraja lile ni mpaka, na jitu ni mtu wa forodha. Hamkuona lilimwomba karatasi?

Sinema: Lilimnusa, Radio. Lilimnusa tu.

Radio: Kunusa ndiyo kuomba karatasi. Mimi nimevuka mipaka mara nne, nimenuswa mara nne.

Sheria: Na farasi wenye pembe tatu? Eleza hiyo. Wale ni ng'ombe! Wazungu hawana ng'ombe wa kutosha kwa mahari, wakachukua farasi wakawabandika pembe. Na theluji yote ile ni unga wa sherehe.

Mimi: Unga wa kufunika milima saba?

Sheria: Harusi ya mfalme, Dereva. Haba na haba hujaza kibaba.

Radio: Na yule ndege mweupe anayezunguka juu kuanzia mwanzo? Huyo ni mwangalizi wa kimataifa. Anaona kila kitu, anaandika, hateremki.

Swafiya aliinama akachochea makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu. Pikipiki ikapita, sote tukageuza shingo, haikuwa ya Hirwa. Radio kimya kinamuumiza kuliko jino, akaendelea.

Radio: Tena niwaambie siri. Yule shujaa alikufa kwenye mlima wa kwanza. Yote yanayofuata ni roho yake inatembea. Ndiyo maana hali chakula mpaka mwisho.

Mimi: Hata mimi sili, na sijafa.

Swafiya: Wewe unakula madeni ya kahawa yangu.

Sinema: Nyamazeni! Nyamazeni kidogo, jamani. Mnacheza, lakini mimi iko kwenye moto. Wiki mbili namwambia Kaliza hii ni filamu ya mtu anayerudi kwao. Mtoto amesoma kwa Kiingereza. Leo atasikia kila neno. Ikiwa ni mahari, mjomba wake ni mwongo. Atapanda gari na shangazi yake, na mimi nitabaki na nani? Naogopa, nawaambia kweli. Naogopa mtoto wa miaka kumi na moja!

Nilimhurumia. Mtu mzima, mikono ya useremala, na anaogopa hivyo. Nikataka kumsaidia, nikasema jambo lililoharibu zaidi.

Mimi: Basi tuangalie mwisho wake. Kama mwisho anaoa, ni mahari. Kama anafika kwao, ni mahali. Nani anakumbuka mwisho?

Ndipo nikakumbuka ujanja wa mwenye video wa Buyenzi: alikuwa anazima dakika ishirini kabla haijaisha, ili watu wa zamu inayofuata waingie. Alikuwa anasema, "Kilichobaki ni majina tu."

Sheria: Mwisho wanaoana. Nimeona.

Sinema: Umeona wapi?

Sheria: Nimeona... nimeona kwamba lazima waoane.

Radio: Mwisho wanasaini karatasi. Kila kitu kinaisha kwa kusaini.

Sinema: Nimeiangalia mara kumi na saba, sijaona mwisho hata mara moja. Kaseti ninayo tangu mwezi wa nane, deki sina.

Sheria: Usijali. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Swafiya: Hiyo nayo umeiweka wapi, baba?

Kabla Sheria hajaitetea, Kaliza alikuwa amesimama nyuma yetu. Amevaa sweta ya shule ya Uganda, amekunja mikono, na sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Alitusalimu mmoja mmoja, wakubwa kwanza, kwa Kinyarwanda chao kile cha Uganda. Sinema alipangusa ubao kwa kiganja, mtoto hakukaa.

— Mjomba, filamu bado?

— Bado, mwanangu. Hirwa anatafuta mafuta. Atakuja sasa hivi.

— Huyo mtu wa milima anarudi kwao, si ndiyo ulisema?

Sinema alitutazama. Sheria akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu, na mguu wangu mimi una mazoezi.

— Ndiyo, Sinema akasema. Anarudi kwao.

Kaliza akafikiri. Kisha akauliza taratibu, kama anauliza bei ya kalamu:

— Akifika, kuna mtu anayemjua?

Tukajikuta sote tumemgeukia Swafiya, kwa kuwa yeye peke yake alizaliwa mtaa huu na anajua nyumba ipi ilikuwa ya nani. Swafiya akatazama zile nyumba za ng'ambo, moja baada ya nyingine, midomo yake inahesabu.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Birika lilikuwa linatoa mvuke mbele ya macho yetu.

Sinema akachuchumaa mbele ya mtoto.

— Sijui, Kaliza. Sijafika huko kwenye mwisho. Lakini mimi nilipofika hapa, hakuna aliyenijua. Niliulizia nyumba ya baba yangu siku tatu. Kila niliyemuuliza alikuwa mgeni kama mimi.

— Na sasa?

— Sasa hawa wananijua. Hawa wapumbavu.

Kaliza alituangalia, mmoja mmoja, kwa muda ambao ulitutia aibu. Halafu akakaa kwenye ubao, pale palipopanguswa.

— Na mimi nikibaki, nani atanijua?

— Mimi, Sinema akasema. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, na sisi tukageukia barabarani, tukijifanya tunamtafuta Hirwa.